Gharika Iliyochorwa Mara Mbili: Michelangelo na Maana ya Uvumilivu katika Sanaa

Utangulizi

Insha hii inahusu mchoro mmoja tu kati ya mingi iliyo kwenye dari ya Kikanisa cha Sistina huko Vatikani. Mchoro wenyewe unaonyesha gharika ya wakati wa Nuhu, kama inavyosimuliwa katika Kitabu cha Mwanzo. Aliyeuchora ni Michelangelo Buonarroti, mchongaji wa Florence, aliyefanya kazi kwenye dari hiyo kuanzia mwaka 1508 hadi 1512. Nimeuchagua kwa sababu wataalamu wengi wanakubaliana kuwa ndio ulioanzwa kwanza miongoni mwa matukio makubwa ya dari hiyo, na kwa sababu ulimpa mchoraji taabu ya pekee. Sehemu yake kubwa ilibomolewa na kuchorwa upya.

Hadithi ya Michelangelo inajulikana hata kwetu. Husimuliwa darasani na kwenye mahubiri kama mfano wa subira: mtu mmoja, peke yake, alilala chali juu ya jukwaa kwa miaka minne, rangi ikimdondokea machoni, mpaka akamaliza. Msimulizi huongeza methali isemayo mvumilivu hula mbivu, na hadithi ikaishia hapo. Mimi ni mwanafunzi wa historia na Kiswahili nchini Uganda, na kila ninapoisikia hadithi hii hujiuliza maswali mawili. Je, ilikuwa hivyo kweli? Na kama haikuwa hivyo, tunapoteza nini tunapoendelea kuisimulia hivyo?

Hoja yangu ni kwamba uvumilivu wa Michelangelo ulikuwa mgumu zaidi kuliko ule tunaosimuliwa. Kustahimili maumivu ya shingo ni jambo moja. Kukubali kwamba kazi uliyokwisha kuifanya imeharibika, ukamsikiliza anayejua kuliko wewe, ukaibomoa na kuanza tena, hilo ni jambo jingine kabisa. Ili kuitetea hoja hii nitatumia mashahidi wa aina tatu: barua za wakati ule, wasifu ulioandikwa miaka mingi baadaye, na dari yenyewe. Mashahidi hawa hawakubaliani katika kila jambo, na pale wanapopingana ndipo mwanafunzi wa historia ana kazi ya kufanya.

Mchongaji apewa dari

Michelangelo alizaliwa mwaka 1475. Mwaka 1488 alipelekwa kujifunza kazi kwa Domenico Ghirlandaio, mchoraji wa Florence aliyekuwa na karakana kubwa iliyopamba kuta za makanisa. Hakukaa huko muda mrefu, kwa sababu moyo wake ulikuwa kwenye mawe. Sifa yake ya kwanza aliipata kwa sanamu: Pietà ya Roma, kisha Daudi wa Florence, aliyekamilika mwaka 1504. Mwaka huohuo alipewa kazi ya kuchora vita vya Cascina kwenye ukumbi wa serikali ya Florence, lakini kazi hiyo iliishia kwenye karatasi, haikufika ukutani. Kwa hiyo alipofika umri wa miaka 30 alikuwa mchongaji mashuhuri ambaye hajawahi kumaliza mchoro wowote mkubwa wa ukutani.

Mwaka 1505 Papa Julius II alimwita Roma amchongee kaburi la fahari. Michelangelo alikaa machimboni Carrara miezi minane akichagua marumaru. Aliporudi alikuta Papa amegeukia mambo mengine na fedha hazitoki. Aprili 1506 alikasirika, akatoroka Roma na kurudi Florence. Kipindi hichohicho ndipo habari ya dari ilipoanza kuzungumzwa.

Hapa tunakutana na mgongano wa kwanza wa mashahidi. Ascanio Condivi, mwanafunzi wa Michelangelo, alichapisha wasifu wa mwalimu wake mwaka 1553. Anadai kwamba Donato Bramante, msanifu majengo wa Papa, alimshawishi Papa ampe Michelangelo dari hiyo kwa nia mbaya, ili mchongaji aaibike katika kazi asiyoijua. Hadithi ni nzuri, ina adui na shujaa. Lakini ipo barua ya tarehe 10 Mei 1506 ambayo Piero Rosselli, fundi wa Florence, alimwandikia Michelangelo mwenyewe. Rosselli anamweleza kwamba alikuwapo Bramante alipozungumza na Papa, na kwamba Bramante alisema Michelangelo hana ujasiri wa kazi hiyo kwa kuwa hajachora watu wengi, hasa watu wa kutazamwa kutoka chini, juu kabisa darini. Yaani Bramante alikuwa akipinga Michelangelo asipewe kazi.

Kwangu mimi barua ina uzito kuliko wasifu. Iliandikwa siku zilezile, na mtu aliyesikia, kabla hakuna ajuaye mambo yataishaje. Wasifu uliandikwa miaka zaidi ya 40 baadaye, chini ya jicho la mzee aliyetaka kukumbukwa kwa namna fulani. Tena barua inatufundisha jambo muhimu kwa hoja yangu: shaka ya Bramante, hata kama ilikuwa na wivu ndani yake, ilikuwa na msingi. Michelangelo kweli hakuwa na uzoefu huo.

Walipatana na Papa mwishoni mwa mwaka 1506. Mei 1508 Michelangelo aliandika katika kumbukumbu zake kwamba amepokea dukati 500 za kuanzia kazi ya dari. Mpango wa kwanza ulikuwa wa mitume 12. Katika barua ya mwaka 1523 alieleza kwamba alimwambia Papa mpango huo ungekuwa kazi duni, ndipo mpango ukapanuliwa. Matokeo yake ni matukio tisa ya Kitabu cha Mwanzo, yaliyozungukwa na manabii na watabiri wa kike wa kale, jumla ya watu zaidi ya 300. Dari ina urefu wa takriban mita 40 na upana wa mita 13, na iko karibu mita 20 kutoka sakafuni.

Kazi ya chokaa mbichi

Ili kuelewa kilichoharibika, ni lazima tuelewe kwanza kazi yenyewe inavyofanyika. Michelangelo alitumia njia ya Kiitalia iitwayo fresko, maana yake rangi hupakwa juu ya lipu ya chokaa ikiwa bado mbichi. Dari hupigwa lipu ya chini, iliyo nzito. Juu yake, kila siku, fundi hupiga lipu nyembamba ya kutosha kazi ya siku hiyo tu. Mchoraji huweka karatasi kubwa yenye mchoro uliotobolewa vitundu kwenye mistari yake, akapiga juu yake kifuko cha vumbi la makaa, na vumbi likapita kwenye vitundu na kuacha alama. Halafu anapaka rangi zilizochanganywa na maji tu. Lipu inapokauka, chokaa hukutana na hewa na kugeuka jiwe, na rangi hubaki imenaswa ndani ya jiwe hilo.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mchoro hudumu. Ugumu wake ni kwamba haitoi nafasi ya kusitasita. Mchoraji ana saa chache. Akikosea, hawezi kufuta. Inambidi abandue lipu ya siku nzima kwa mwiko na kupiga nyingine. Na kila anapoanza siku mpya hukata ukingo wa lipu ya jana na kuunganisha mpya. Maungio haya hayafutiki. Leo mtaalamu akiyachunguza kwa karibu huweza kuhesabu kazi ya kila siku, na hata kujua siku ipi ilitangulia ipi. Hivyo dari ni kama daftari la mahudhurio ambalo hakuna aliyekusudia kuliandika.

Nilipokuwa nikisoma habari hizi nilimtembelea fundi mmoja mzee wa kupiga lipu katika mtaa ninaoishi, mtu aliyekuja Kampala kutoka Kongo miaka mingi iliyopita. Nilimwuliza, "Mzee, kwa nini ukuta mpya wakati mwingine hutoa weupe kama ukungu?" Alinijibu, "Mwanangu, ukuta una maji yake. Ukiupaka rangi kabla maji hayajaisha, yatatafuta pa kutokea, na yakitoka yanatoka na chumvi. Wa kulaumiwa ni aliyechanganya, maana maji yalizidi toka mwanzo." Nililiandika jibu hilo pembezoni mwa ukurasa niliokuwa nikiusoma, kwa sababu ndilo hasa lililotokea Roma.

Ukungu juu ya maji ya Nuhu

Michelangelo hakuanza na uumbaji wa ulimwengu. Alianzia upande wa mlangoni, ambako yako matukio matatu ya Nuhu, na miongoni mwa hayo alianza na Gharika. Aliita wasaidizi kutoka Florence kupitia rafiki yake wa ujana Francesco Granacci, watu waliozoea kazi ya kuta kuliko yeye. Piero Rosselli, yuleyule aliyeandika barua ya mwaka 1506, alilipwa kubandua lipu ya zamani, iliyokuwa na anga la buluu lenye nyota za dhahabu, na kupiga lipu mpya ya chini.

Mchoro wa Gharika ni mchoro wa wakimbizi. Mbele, upande wa kushoto, watu wanapanda kilima wakiwa na walivyoweza kuviokoa. Yupo mwanamume aliyembeba mkewe mgongoni. Yupo mwanamke aliyejitwika kichwani meza ndogo iliyopinduliwa, ndani yake vyombo vya nyumbani. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa mzigo huo unavyobebwa. Katikati ya maji kipo chombo kidogo kilichojaa kupita kiasi, na walio ndani wanawapiga wanaotaka kuingia. Kulia, juu ya mwamba, kundi la watu limejikusanya chini ya hema, na mzee mmoja amembeba kijana ambaye uhai umekwisha kumtoka. Safina iko mbali nyuma, ndogo kuliko unavyotarajia. Mchoraji ameweka macho yetu kwa waliobaki nje.

Kisha ukungu ukatokea. Condivi na Giorgio Vasari, mwandishi mwingine wa wasifu wa Michelangelo, wote wanaeleza kwamba baada ya kazi hiyo ya mwanzo lipu ilianza kutoa ukungu hata watu hawakuonekana vizuri. Vasari anaeleza sababu: chokaa ya Roma ilitengenezwa kwa jiwe la travatini na kuchanganywa na pozolana, yaani majivu ya volkano, na mchanganyiko huo ukizidi maji hutoa weupe. Mafundi wa Florence walizoea mchanganyiko wa kwao wenye mchanga. Walifika Roma na mkono wa Florence.

Kwa mujibu wa Condivi, Michelangelo alimwendea Papa na kumwambia kwamba alikwisha kumweleza tangu mwanzo kuwa hiyo si sanaa yake, na sasa kazi imeharibika. Papa alimtuma Giuliano da Sangallo, msanifu majengo wa Florence aliyekuwa amefanya kazi Roma. Sangallo alitazama, akatambua kwamba lipu ilikuwa na maji mengi mno, akamfundisha la kufanya, na kazi ikaendelea.

Je, tukiamini hadithi hii tunamwamini Condivi kuliko inavyostahili? Hapa ipo barua ya kumuunga mkono. Tarehe 27 Januari 1509 Michelangelo alimwandikia baba yake kwamba hajamwomba Papa fedha, kwa sababu kazi haiendi kwa namna ya kustahili malipo. Anataja sababu mbili: ugumu wa kazi, na kwamba hii si fani yake. Anasema anapoteza muda wake bure. Katika barua hiyohiyo analalamika kuhusu msaidizi wake mmoja aliyeondoka kwa ugomvi. Barua haitaji ukungu. Lakini inatuonyesha mtu aliyekata tamaa katikati ya majira ya baridi, miezi michache baada ya kuanza, na inasema kwa sauti yake mwenyewe yale ambayo Condivi anasimulia kwamba alimwambia Papa.

Dari inavyotoa ushahidi

Kati ya mwaka 1980 na 1989 dari hiyo ilisafishwa na mafundi wa Vatikani chini ya Gianluigi Colalucci, kwa ufadhili wa kampuni ya televisheni ya Japani, Nippon Television. Walijenga jukwaa, wakakaribia mchoro kama Michelangelo alivyoukaribia, wakahesabu maungio ya lipu. Usafishaji huo ulizua ubishi mkali. James Beck, mwalimu wa historia ya sanaa katika Chuo Kikuu cha Columbia, alidai kwamba pamoja na masizi ya karne nyingi ziliondolewa pia rangi ambazo Michelangelo alizipaka juu ya lipu iliyokwisha kukauka. Siingii katika ubishi huo hapa, kwa kuwa unahusu rangi za juu. Maungio ya lipu yako chini ya rangi.

Maungio hayo yalionyesha kwamba Gharika haikuchorwa mara moja. Sehemu kubwa ya mchoro wa kwanza ilibanduliwa na kuchorwa upya. Kilichobaki kutoka kazi ya kwanza ni kundi la watu walio juu ya mwamba, chini ya hema. Kazi yote ilichukua karibu siku 30 za lipu. Kwa kulinganisha, tukio la mwisho la dari, pale Mungu anapotenga nuru na giza, lilichorwa kwa siku moja.

Jambo hili lina uzito kwa historia. Condivi anasimulia ukungu na dawa yake, lakini hasemi kwamba kazi ilibomolewa. Kwake yeye, Sangallo alikuja, akatoa ushauri, mambo yakaendelea. Dari inasema bei iliyolipwa. Kila kipande kilichobanduliwa kilikuwa siku ya mtu, karatasi iliyochorwa, lipu iliyopigwa na rangi iliyosagwa. Wataalamu wanajadiliana iwapo kilibomolewa kwa sababu ya ukungu peke yake au pia kwa sababu Michelangelo hakuridhika na alichokiona. Kwa hoja yangu majibu yote mawili yanafika mahali pamoja: mtu aliyekuwa akimlalamikia baba yake kwamba anapoteza muda, aliamua kuupoteza muda mwingine zaidi ili kazi iwe sahihi.

Zipo pia alama za baadaye. Mwaka 1797 ghala la baruti lililipuka katika ngome ya Castel Sant'Angelo, si mbali na Vatikani, na mtikisiko wake ukaangusha kipande cha lipu katika anga la Gharika. Pengo hilo lipo mpaka leo. Mchoro ulioponea ukungu haukuponea baruti.

Je, alikuwa peke yake?

Katika mjadala mmoja darasani mwanafunzi mwenzangu alisema kwa uhakika kwamba Michelangelo alifanya kazi yote bila msaidizi, tena amelala chali. Mwalimu alimwuliza swali moja: "Chanzo chako ni nini?" Darasa lilicheka, lakini swali lilikuwa zuri, na nililichukua likawa langu.

Kuhusu kulala chali, chanzo ambacho wengi wetu tunacho ni filamu ya mwaka 1965 iitwayo The Agony and the Ecstasy. Michelangelo mwenyewe ametuachia jibu. Alimwandikia rafiki yake Giovanni da Pistoia shairi la kujidhihaki kuhusu mateso ya mwili wake katika kazi hiyo, na pembeni mwa karatasi akachora mtu aliyesimama, mkono umeinuliwa juu, anachora darini. Alisimama. Shingo ilimuuma kwa sababu alitazama juu siku nzima. Vasari anaeleza kwamba baada ya kazi hiyo, kwa miezi kadhaa, aliweza kusoma barua tu akiishika juu ya kichwa chake.

Kuhusu kuwa peke yake, Condivi anadai hakuwa hata na mtu wa kumsagia rangi. Vasari anakiri kwamba wasaidizi kutoka Florence walikuja, lakini anasema Michelangelo hakupenda kazi yao, akabomoa walichofanya na asubuhi moja akawafungia mlango. Uchunguzi wa dari ulionyesha mikono zaidi ya mmoja katika matukio ya Nuhu na katika mapambo ya pembeni, na wasaidizi, wale wa kwanza au wengine waliofuata, waliendelea kuwapo. Hili halimpunguzii chochote. Ubunifu ulikuwa wake, na watu wakubwa wa dari ni wa mkono wake. Ila lipu ilipigwa na mtu, maji yalipandishwa juu ya jukwaa na mtu, na karatasi ilishikwa na mtu asubuhi kabla chokaa haijakauka. Sangallo hakushika brashi hata mara moja, lakini bila ushauri wake huenda tusingekuwa na dari ya kujadili.

Kutoka watu 60 hadi mmoja

Kama Michelangelo angeishia kurekebisha lipu tu, tungesema ametatua tatizo la fundi. Lakini Gharika ilimfunza pia tatizo la mchoraji. Mchoro una watu zaidi ya 60, wengi wadogo. Ukisimama sakafuni, mita 20 chini, ni vigumu kumwona yule mzee na kijana wake.

Tukifuata matukio kwa mpangilio aliouchora, tunaona anavyojifunza. Gharika ina watu zaidi ya 60. Katika kuanguka kwa Adamu na Hawa na kufukuzwa kwao bustanini, wako sita, ukimhesabu nyoka mwenye umbo la mwanamke na malaika mwenye upanga. Katika kuumbwa kwa Hawa wako watatu. Katika kutengwa kwa nuru na giza yuko mmoja. Idadi inapungua, ukubwa unaongezeka, na siku za kazi zinapungua pia. Hata namna ya kuhamisha mchoro kutoka karatasini ilibadilika. Mwanzoni alitegemea vitundu na vumbi la makaa. Baadaye zaidi alikwaruza mistari mikuu moja kwa moja kwenye lipu mbichi, njia ya haraka inayodai mkono wenye uhakika.

Njiani palikuwa na vizuizi vingine. Septemba 1510, nusu ya kwanza ilipokamilika, Papa aliondoka kwenda vitani na fedha zikakatika. Michelangelo alisafiri hadi Bologna kudai malipo yake. Nusu hiyo ilifunuliwa Agosti 1511, na dari yote tarehe 31 Oktoba 1512. Papa Julius II alifariki Februari 1513, miezi michache tu baadaye. Barua ambayo Michelangelo alimwandikia baba yake mwezi ule wa Oktoba ni fupi na kavu: amemaliza kikanisa, Papa ameridhika sana, lakini mambo mengine hayajaenda kama alivyotarajia. Hakuna shangwe ndani yake. Nadhani barua hiyo ni dawa nzuri kwa yeyote anayedhani kwamba mwisho wa uvumilivu ni furaha kubwa isiyo na doa.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, Michelangelo alipewa kazi ambayo hakuwa na uzoefu nayo, na aliyemtilia shaka alikuwa na sababu. Pili, mchoro wake wa kwanza uliharibika, akakata tamaa kwa maandishi, kisha akapokea ushauri na kurudia kazi. Tatu, kurudia huko kulimbadilisha, mpaka mtu aliyehitaji karibu siku 30 kwa tukio moja akaweza kumaliza jingine kwa siku moja.

Hadithi ya shujaa aliyelala chali peke yake inatufunza kuvumilia maumivu. Maumivu yalikuwapo, sikatai. Lakini mwanafunzi anayeamini hadithi hiyo atadhani kwamba kuomba msaada ni udhaifu, kwamba kubomoa ni kushindwa, na kwamba kukata tamaa ni dalili ya kukosa kipaji. Barua ya Januari 1509 na maungio ya lipu vinamfunza kinyume chake. Methali yetu inasema mvumilivu hula mbivu, nami sina ugomvi nayo. Naongeza tu kwamba mkulima hakai chini ya mti akingoja. Anapalilia, anauliza wenzake, na mche uliooza anaung'oa na kupanda mwingine mahali palepale.

Kwa sisi tunaosoma historia, lipo funzo jingine. Wasifu uliandikwa ili kumkuza mtu, na barua ziliandikwa kwa hasira au kwa haja ya fedha. Lipu ilipigwa kwa sababu kazi ya siku hiyo ilipaswa kufanyika, bila kumfikiria msomaji yeyote. Kabla ya kusimulia tena habari za mtu mkuu, ni vema tuulize kazi yake yenyewe inasema nini, na ni mikono ya nani iliyomchanganyia chokaa.